Eklezya Kuinua Eklezya

Hotuba iliyosomwa kwa jina la Baraza la Parokia siku ya Yubile, baada ya Misa





Siku ya yubile ni desturi kuhesabu. Watu huhesabu wabatizwa, ndoa, shapeli zilizojengwa, mapadri na masista waliozaliwa katika parokia. Hesabu hizo mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu cha Yubile, nasi twasema aksanti kwa katibu wetu aliyeinamia madaftari ya zamani, mengine yakiwa yameliwa na mchwa, hata akazipata. Sisi tumeagizwa kusema juu ya jambo ambalo halijaandikwa bado katika daftari lolote, nalo ni ombi la majirani zetu wa milimani.

Wengi wenu mnalijua ombi hilo tangu Kwarezima. Parokia yao ni kubwa kwa nchi, lakini ndogo kwa watu. Vita viliwatawanya mara nyingi. Waliorudi wamerudi, na wasiorudi tunawakumbuka katika sala. Shapeli zao kadha zimebaki kuta tupu, na majani yameota mahali pa altare. Padri huwafikia kwa miguu, mara chache kwa mwaka. Wakatekista waliobaki ni wazee ambao macho yao hayasomi tena pasipo miwani, na miwani hawana. Mashirika yaliyokuwa yakikutana kila juma, siku hizi hukutana siku ya mazishi tu. Wanaomba tuwe parokia dada, ili Eklezya isimame tena kwao.

Neno hili lilipofika katika mashirika yetu, mengi yalisemwa, na ni vema yalisemwa waziwazi. Mama mmoja alikumbusha kwamba paa la kanisa letu lavuja juu ya wanakwaya, na kwamba mtu hafuniki nyumba ya jirani huku yake ikinyeshewa. Mzee mmoja alisema mgonjwa hambebi mgonjwa. Kijana mmoja aliuliza: sisi tulipokuwa na shida, wao walikuwa wapi? Hatutaki kuyapita maneno hayo kama mtu apitaye kando ya shimo akijifanya halioni. Tutayajibu, lakini kwanza tuone namna Wakristu waliotutangulia walivyofanya, maana shauri hili si jipya.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Eklezya ya Yeruzalemu ni mama, na Eklezya ya Antiokia ni mtoto. Antiokia ilianzishwa na wakimbizi, yaani wale waliotawanywa na mateso yaliyofuata kifo cha Stefano. Kati yao hapakuwa na Mtume hata mmoja. Wakubwa wa Yeruzalemu waliposikia habari zao, hawakupeleka mali. Walipeleka mtu, ndiye Barnaba, Mlawi wa kisiwa cha Kipro, aliyekuwa amejulikana kwao siku alipouza shamba lake na kuweka fedha mbele ya Mitume. Angalieni alivyofanya kazi yake. Alipofika alitazama kwanza, akafurahi kwa mema aliyoyakuta. Hakuanza kwa kulaumu. Kisha, akitaka mtu wa kufanya naye kazi, akasafiri mwenyewe hadi Tarso kumtafuta Saulo, mtu ambaye wanafunzi wa Yeruzalemu walikuwa wamemwogopa. Wakakaa pamoja Antiokia mwaka mzima, wakifundisha. Na ni Antiokia wanafunzi walianza kuitwa Wakristu. Ndugu, tusipite haraka hapa. Jina hili tunalolibeba sote, lililoandikwa leo juu ya mlango wa kanisa letu kwa maua, halikutoka katika Eklezya mama. Lilitoka katika ile iliyosaidiwa.

Baadaye ikaja habari ya njaa, wakati wa Kaisari Klaudio, na waliokuwa na shida safari hiyo ni ndugu wa Uyahudi, ndio wenyeji wa Eklezya mama. Antiokia ikakusanya msaada, kila mtu kadiri ya uwezo wake, na waliotumwa kuupeleka ni Barnaba yuleyule pamoja na Saulo. Njia ambayo mtu aliishika akienda kusaidia, aliishika tena akirudi na mzigo wa chakula cha wale waliomtuma. Ndivyo tunavyoelewa neno parokia dada: njia moja yenye watu wanaokwenda na watu wanaorudi.

Mtakatifu Paulo hakuisahau kazi hiyo maisha yake yote. Alipozunguka Masedonia na Akaya alikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu. Aliwaagiza Wakorinto kila mmoja aweke kitu kando siku ya kwanza ya juma, ili pasiwe na michango ya haraka siku atakapofika. Akawasimulia juu ya Wamasedonia, ambao walikuwa katika umaskini mkubwa, nao wakamsihi wenyewe awape ruhusa ya kutoa. Mama aliyesema juu ya paa letu awafikirie hao Wamasedonia. Paulo hakuwaambia wangoje mpaka wawe matajiri. Wala hakutaka wengine wapumzike huku wengine wakilemewa. Alitaka usawa, wingi wa huyu ufunike upungufu wa yule, kila mmoja kwa zamu yake.

Kuna kipande kingine katika barua hiyo ya pili kwa Wakorinto ambacho hatukisikii sana katika mahubiri. Paulo hakukubali fedha zile zishikwe na yeye peke yake. Pamoja na Tito alituma ndugu mwingine, aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo mtu wa kumsema juu ya mali hiyo. Maana alitaka mambo yawe safi mbele ya Mungu, na mbele ya watu pia. Ikiwa Mtume aliona ni vema kuwa na shahidi wa fedha, sisi tusione haya kudai risiti.

Sasa turudi ziwani kwetu. Sisi wenyewe ni nani, kama si watoto wa msaada? Mapadri Weupe waliotumwa na Askofu Lavigerie, aliyefanywa Kardinali baadaye, walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Ujiji, ng'ambo ya Tanganika, mwezi wa kwanza wa mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala. Wengi wao walikufa vijana kwa homa, na makaburi yao kandokando ya ziwa yanajulikana. Lakini msaada ule haukutoka Ulaya peke yake, na ni haki tuseme hivyo siku ya leo. Huko Karema, ng'ambo ya ziwa, alifika mwaka 1889 Adriano Atiman, mtoto wa Afrika ya magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Hakuwa Mzungu, wala hakuwa mwenyeji. Alikaa pale, akaoa pale, akatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipokufa mwaka 1956. Miaka sitini na saba mahali pamoja! Siku hizi mtu akikaa nasi miaka sitini na saba, tunasahau kwamba alikuwa mgeni.

Na upande wetu, katika eneo lile la Mpala na Baudouinville, ambako leo twaita Kirungu ya Moba, mbegu ilizaa. Tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, naye ni padri wa kwanza wa wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Hesabuni tangu 1885: miaka thelathini na miwili. Nasi tunataka parokia ya milimani isimame kwa mwaka mmoja, tena kwa mchango wa siku moja?

Tufike sasa katika jambo gumu, ambalo wazee waliopo hapa hawalisikii pasipo kuinamisha kichwa. Jimbo la Uvira lilizaliwa mwaka 1962. Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko Saveri, waitwao Wasaveri, waliotoka mji wa Parma katika Italia, walikuwa wamefika miaka minne mbele, mwaka 1958. Hawakukaa muda mrefu katika amani. Mwaka 1964 vita vya Simba viliwaka mashariki yote. Tarehe 28 Novemba mwaka ule gari la askari wa uasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Frere Vittorio Faccin aliamriwa apande garini. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akaona mwenzake yuko chini. Walimwamuru vilevile apande. Hakupanda, alipiga magoti kando ya mwili wa ndugu yake, naye akauawa hapohapo. Gari likaendelea hadi Fizi, na huko jioni wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert.

Huyu Padri Joubert hakuwa mgeni. Alizaliwa mwaka 1908, mwana wa Kapiteni Joubert, yule aliyefika Mpala mwaka 1887 ili awalinde watu na wateka watumwa, na mama yake alikuwa mwanamke wa nchi hii. Alipewa upadri mwaka 1935, akawa padri wa jimbo. Basi watatu walizaliwa katika Eklezya ya Italia, na mmoja katika Eklezya ya ziwa letu. Wakafa siku moja kwa ajili ya kundi moja dogo. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Wenyeheri. Wengine wenu mlikuwapo, na vumbi la njia ile mnalikumbuka.

Kwa nini tumelileta tendo hilo katika neno la parokia dada? Kwa sababu ya yale magoti ya Padri Carrara. Wakati ule hakuwa na kitu cha kutoa, wala dawa wala neno la kumponya mwenzake. Alikaa kando yake. Msaada wa Eklezya kwa Eklezya huanza hapo, na kama hauanzi hapo, mengine yote yanayofuata ni biashara.

Baada ya mwaka ule, parokia nyingi za mashariki zilibaki bila padri. Katika milima ya Fizi vita vya msituni viliendelea tangu 1967 kwa miaka mingi. Ni nani aliyelinda moto usizimike? Ni wakatekista na wamama. Waliongoza sala siku ya Mungu pasipo Misa, walibatiza watoto waliokuwa karibu na kufa, walizika, walificha kikombe cha Misa ndani ya ghala ya mahindi. Maaskofu wetu walikuwa wameona mbele: mwaka 1961, katika mkutano wao mkuu, waliamua kwamba Eklezya ya Kongo itajengwa juu ya mashirika madogo yaliyo hai, yanayokusanya majirani. Na huko Kinshasa, tangu mwaka 1975, Kardinali Malula aliweka walei, ndio wanaoitwa bakambi, kuwa viongozi wa parokia zisizo na padri wake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba parokia ya milimani imekufa kwa sababu padri hafiki. Penye shirika hai pana uzima. Kinachotutia hofu ni lile shirika linalokutana siku ya mazishi tu.

Tuseme pia neno moja kwa ajili ya Mapadri wageni wetu. Mwaka 1957, tarehe 21 Aprili, Papa Pio XII aliandika barua iitwayo Fidei Donum, akiwaomba maaskofu wa dunia waazime mapadri wao kwa Afrika, hata kwa muda. Neno zuri ni hilo la kuazima: mtu aliyeazimwa ana kwao, na wanamngoja. Miaka minane baadaye, Desemba 1965, Mtaguso wa Vatikano wa Pili katika andiko lake juu ya misioni ulisema kwamba Eklezya changa zisikawie kupeleka wamisionari wao wenyewe, hata zikiwa na uhaba wa mapadri. Na Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni ya 271, yasema askofu asimnyime ruhusa padri anayefaa na anayetaka kwenda mahali penye uhaba mkubwa, isipokuwa pakiwa na shida ya kweli katika jimbo lake. Lakini yataka pia mapatano yaandikwe kati ya maaskofu wawili, haki na wajibu wa padri zijulikane. Mapendo na karatasi hazigombani.

Na tazameni yaliyotukia tangu hapo. Leo kuna mapadri wa Kongo wanaosomea Misa wazee wa vijiji vya Ubelgiji, vya Ufaransa na vya Italia, katika makanisa makubwa ya mawe ambamo zamani walitoka wamisionari wetu. Eklezya zile zilizotuinua zinainuliwa nasi. Hatusemi hivyo kwa majivuno. Ni Antiokia na Yeruzalemu tena. Lakini lingekuwa jambo la kushangaza kama mwana wa parokia hii angefika hadi Ulaya kusaidia, nasi tukashindwa kupanda mlima ule tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha.

Hata hivi, si kila msaada ni mwema. Kuna msaada unaoua, na tumeuona. Katika shapeli moja, ambayo hatutaitaja, marafiki wa mbali walileta kila kitu: manjanja, misumari, saruji, hata mafundi. Nyumba ilikuwa nzuri sana. Mwaka wa pili upepo uling'oa njanja moja. Hakuna mtu aliyepanda kulirudisha, ijapokuwa ngazi ilikuwa imelala nyuma ya shapeli. Walisema: tuwaandikie wenyewe waje. Mvua ikaingia, mbao zikaoza, na barua ikachelewa. Wakristu wale hawakuwa wavivu; mashamba yao yalikuwa safi kuliko yetu. Ila nyumba ile haikuwa yao. Hakuna hata tofali moja ambalo mtoto wao angeweza kulionyesha na kusema: hili babangu alilifinyanga.

Kwa sababu hiyo Baraza halipendekezi kuanza na manjanja, hata kama ndiyo wengi wetu tungeona fahari kuyapeleka kwa ngoma na picha. Tunataka kuanza na watu. Tunatafuta familia mbili za wakatekista, mume na mke na watoto, watakaokubali kukaa milimani miaka mitatu. Wasiende kama wakaguzi. Watapewa shamba huko na watalima kama wenyeji, maana mwalimu anayengoja posho kutoka bondeni husikilizwa kwa sikio moja. Mashamba yao ya hapa yatalimwa na mashirika yao kwa zamu, na mavuno ni yao. Hili limekwisha kukubaliwa na wakubwa wa mashirika sita, nao watasimama mtu akiwaomba ili muwaone. Kazi yao ya kwanza ni kufanya kama Barnaba, yaani kutazama na kufurahi kwa mema wanayoyakuta, na kukaa na wakatekista wazee bila kuwaondoa mahali pao. Mzee aliyeongoza sala miaka thelathini pasipo mshahara hatolewi kitini na kijana mwenye daftari jipya.

Wakati huohuo vijana wanne wa kule watashuka kwetu kusoma ukatekista. Watalala katika nyumba zetu, si katika nyumba ya wageni ya misioni, wale sombe na ndagala pamoja na watoto wetu. Mashirika ya kule yakianza tena kukutana kila juma, hapo ndipo tutasema habari za shapeli moja, ya kwanza. Wao matofali, mchanga na mbao. Sisi manjanja na misumari. Na fundi mmoja kwa kila upande, ili ngazi isilale.

Juu ya fedha hatuna maneno mengi. Kikapu kimoja kitapita Dominika ya kwanza ya mwezi. Watu wanne watashika daftari, wawili wa kwetu na wawili wa kwao, na hesabu zitasomwa kwa sauti katika makanisa yote mawili. Asiyekuwa na franka alete mbegu. Nao pia watapitisha kikapu chao, hata kama kitakuwa na maharagwe tu. Wajumbe wao walikataa katakata kuwa parokia inayopokea bila kutoa, na tuliwasikiliza kwa heshima, maana Wamasedonia wangesema vilevile.

Tumebakiza swali la yule kijana: sisi tulipokuwa na shida, wao walikuwa wapi? Ni swali zuri, na kijana huyo alikuwa hajazaliwa. Wazazi wake wamjibu. Watu wa bonde hili walipokimbia vita, waliifuata njia ipi? Walipanda. Wengi wetu tulilala katika nyumba za milimani, mwaka ule na miaka mingine iliyofuata, watu kumi katika chumba kimoja, tukala mihogo ambayo ilikuwa imepandwa kwa ajili ya watoto wengine. Mabinti wawili waliopokea komunyo leo, bibi zao walizaliwa huko, juu ya mkeka wa watu ambao majina yao hatujawahi kuyataja katika sikukuu yoyote ya parokia hii. Basi tusilichukue ombi lao kama ombi la maskini aliyesimama mlangoni. Anayetuomba ni mtu anayetudai, naye ana adabu mno hata hataji deni.

Kwa mzee aliyesema mgonjwa hambebi mgonjwa tunajibu kwa heshima: ni kweli, hambebi. Lakini wagonjwa wawili hushikana mikono na kutembea, na wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Parokia yetu nayo ina ugonjwa wake. Mashirika yetu hukutana kila juma, ndiyo, lakini mara ngapi tumekaa tukizungumza michango ya sare na kwaya kuliko taabu za jirani? Watu wa milimani wamesali miaka mingi bila padri, bila vinanda, bila sare. Wanajua jambo ambalo sisi tumeanza kulisahau, na pengine hao vijana wanne watatufundisha zaidi ya watakayojifunza.

Baba Askofu, tunaomba baraka yako juu ya shauri hili, na mkono wako juu ya karatasi ya mapatano, pamoja na mikono ya maparoko wawili. Karatasi iko tayari, imeandikwa kwa Kiswahili ili kila mtu aisome. Ni ya miaka mitatu. Ikiisha tutakaa pamoja tena, sisi na wao, tuamue kama iendelee au kila mmoja amejitosheleza.

Familia zinazojisikia kuitwa zimwone Padri Paroko mbele ya Dominika ya Kristu Mfalme. Zisione haya kuja usiku, kama Nikodemo. Sista wa zahanati ameahidi kuwapima macho wakatekista wazee watatu waliofuatana na wajumbe, kesho asubuhi baada ya Misa, na Chama cha Wamama kimekwisha kulipia miwani yao. Maharagwe na asali mliyoona ikipelekwa altareni wakati wa matoleo ni yao. Vilibebwa kichwani siku mbili.

Wajumbe hao watalala kwetu leo na kesho. Mashirika manne yaliyopewa zamu ya kuwapokea yakumbuke kwamba wawili kati yao hawali samaki, na kwamba mzee wao, ambaye alitembea njia yote ile akikataa kubebwa, atahitaji kitanda.